Benki imenipa barua ya kukubali mkopo wa nyumba, sasa inaniruka. Barua ile inawabana au haiwabani?

Mzalia_wa_Fuoni (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wandugu. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa wenye kujua sheria. Wenye kutaka kunicheka nao wakaribie, nishazoea.

Mie ni mwalimu wa serikali hapa Unguja. Niliomba mkopo wa nyumba kwenye benki moja, na jina lake silitaji humu kwa hiyo msiniulize. Wakanizungusha na makaratasi kama ilivyo kawaida: barua ya ajira, slipu za mshahara, vitambulisho. Mthamini akaenda Fuoni kuiangalia nyumba, ada yake nikalipa mie. Mwisho wakanikabidhi barua ya kurasa tatu, ina nembo na saini mbili za wakubwa, kichwa chake kinasema ni ofa ya mkopo. Kiasi milioni 60, muda miaka 15, riba imetajwa, makato ya kila mwezi yametajwa. Ukurasa wa mwisho pana pahala pa mie kutia saini kwamba nimeyakubali masharti. Nikatia, nikalipa ada ya kushughulikia mkopo, nakala yangu ikapigwa muhuri.

Kwa kuitegemea barua ile nikampa mwenye nyumba arbuni ya milioni 6 mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa. Tumeandikiana kwamba nisipomaliza kulipa ndani ya miezi miwili, arbuni inabaki kwake.

Juzi ofisa mikopo ananipigia simu: "Mwalimu, samahani, makao makuu wameisimamisha mikopo ya aina hii, sera imebadilika." Nikamuuliza, na ile barua mliyonipa? Akanijibu: "Ile ni ofa tu, mwalimu. Mkataba ni ule unaokuja kuusaini kwa mwanasheria."

Suali langu ni hilo. Barua ile ina nguvu yoyote mbele ya sheria, au nimepewa karatasi ya kufungia karanga?

Kijana_wa_Kikwajuni

Ahadi deni, lakini ya benki huwa deni lako wewe 😂

Pole mwalimu. Nenda Mahkama ya Ardhi kesho asubuhi, wale hawana mchezo.

Kaunta_Namba3

Nimefanya kazi benki muda mrefu na sasa niko nje, kwa hiyo simtetei mtu. Kwanza tuwe wakweli. Benki haitoi barua ya ofa isiyokuwa na masharti. Mteja akiipata anaangalia kiasi, anaangalia makato, anapiga picha anamtumia mkewe. Ukurasa wa pili hausomi mtu. Na humo ndimo benki inamoweka milango yake ya kutokea.

Mwalimu, tuwekee vifungu. Bila vifungu hapa tutabaki kupiga ramli.

Mzalia_wa_Fuoni

Barua ni ya Kiingereza, najaribu kuvitia kwa Kiswahili vile vinavyohusika:

Kifungu cha 3: Fedha zitatolewa baada ya mkopaji kuwasilisha (a) hati ya haki ya matumizi ya ardhi iliyosajiliwa, (b) kibali cha uhaulishaji, yaani ruhusa ya kuhamisha umiliki, (c) rehani iliyosajiliwa kwa jina la benki, (d) bima ya nyumba na ya maisha, (e) barua ya mwajiri kuthibitisha makato.

Kifungu cha 8: Ofa hii itakuwa wazi kwa siku 60 tangu tarehe ya barua.

Kifungu cha 11: Benki inaweza kuiondoa ofa iwapo taarifa yoyote ya mkopaji itabainika si ya kweli, au kukitokea mabadiliko makubwa katika hali ya kifedha ya mkopaji au katika thamani ya dhamana.

Kifungu cha 14: Masharti kamili yatakuwemo katika mkataba wa mkopo na hati ya rehani vitakavyotiwa saini na pande zote.

Siku 60 hazijesha. Hati ya muuzaji imesajiliwa, nimeiona kwa macho yangu. Kibali cha uhaulishaji maombi yameshapelekwa Bodi ya Uhaulishaji, tunasubiri. Mengine yote yako tayari.

Wawi_Chake

Salamu kutoka Pemba. Bora mwalimu umesema hati ipo, maana huku kwetu mchezo mwingi unafia kwenye 3(a).

Kuna jamaa yetu alipewa barua kama hiyo, safi kabisa. Kiwanja alichokuwa ananunua kilimegwa kutoka shamba la eka tatu, lile la kugaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Muuzaji ana karatasi ya sheha na ushahidi wa majirani, basi. Benki ikasema lete hati iliyosajiliwa. Itoke wapi? Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Sheria ya 1992, unachomiliki wewe ni haki ya matumizi, na eka tatu ina masharti yake ya kupewa. Karatasi ya sheha inaonesha kwamba mumeuziana, haikupi hati. Pale benki ilijitoa na haikuwa na kosa. Sharti lilikuwemo kwenye barua, na halikutimia.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kuigombea barua, hakikisheni nyumba yenyewe inaweza kuwekwa rehani.

Kanzu_na_Joho

Nimeuona uzi, nachangia kama wakili lakini msinichukulie ushauri huu kuwa mbadala wa kukaa na mtu akasoma faili zima.

Kijana wa Kikwajuni, Mahkama ya Ardhi siyo pahala pake. Hapa hakuna anayegombania ardhi. Ugomvi wa mwalimu na benki ni wa mkataba wa fedha na unakwenda mahkama za kawaida. Akija kugombana na muuzaji juu ya nyumba, hapo tutazungumza mengine.

Pili, sheria ipi? Mikataba si jambo la Muungano. Bara wana Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Sisi tuna yetu, Sura ya 149 ya Sheria za Zanzibar. Zote mbili zimezaliwa na sheria ya India ya 1872, ndiyo maana zinafanana sana, lakini ukenda mahkamani huku kwetu na kifungu cha Bara mkononi utaulizwa umekitoa wapi. Benki kama benki inasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania popote ilipo, hilo ni la Muungano.

Sasa barua. Lile neno la ofisa kwamba "ni ofa tu" lina ukweli nusu. Ofa ikiwa bado haijakubaliwa, aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote kabla jawabu la kukubali halijaondoka mikononi mwa mwenzake. Laiti benki ingepiga simu ile kabla mwalimu hajatia saini na kuirejesha, uzi huu ungekuwa mfupi sana. Lakini mwalimu ameshakubali, kwa maandishi, ndani ya muda, bila ya kubadilisha neno, na ada amelipa. Kiasi kinajulikana, muda unajulikana, riba inajulikana, kila upande umetoa kitu. Ofa iliyokubaliwa namna hiyo ni mapatano, na mapatano ya watu wenye akili timamu, kwa hiari yao, kwa jambo halali, ni mkataba. Kuipa karatasi jina la "ofa" hakubadilishi kitu.

Nimesema "bila ya kubadilisha neno" kwa makusudi. Wako wateja wanatia saini halafu pembeni wanaandika kwa peni: "naomba iwe miaka 20." Yule hajakubali. Yule ameleta ofa yake mwenyewe, na benki iko huru kuikataa pamoja na ile ya mwanzo.

Kwa hiyo nionavyo mie mkataba upo, ila ni wa masharti. Maana yake benki haiwajibiki kutoa hata senti mpaka 3(a) hadi (e) yatimie. Lakini kutowajibika kutoa fedha leo ni jambo moja, na kuruhusiwa kuondoka wakati mwenzako yumo mbioni kuyatimiza ni jambo jengine. Kifungu cha 11 kimetaja benki inaweza kujitoa lini: taarifa za uongo, hali ya mkopaji kubadilika, thamani ya dhamana kubadilika. Wapi pameandikwa "benki ikibadilisha sera"? Hapakuandikwa. Waandishi wa barua ile ni wao wenyewe, wangetaka wangeliweka.

Silaha yao nzuri ni kifungu cha 14. Watasema: tulishasema masharti kamili yatakuja, kwa hiyo hatukukusudia kufungana kabla ya hapo. Mahkama hapo huangalia nia kwa maneno yaliyotumika. Kuna barua inayosema wazi "hakuna upande utakaofungwa mpaka mkataba rasmi utiwe saini." Ukiwa na hiyo, mwalimu, rudi nyumbani. Na kuna barua inayosema tumekubaliana, yaliyobaki tutayaandika vizuri zaidi baadaye. Hiyo inafunga. Yako kwa nilivyosoma iko karibu zaidi na ya pili, maana cha 14 hakisemi kwamba kabla yake hakuna kitu, na cha 11 kinahesabu sababu za kujitoa. Mtu asiyefungwa ana haja gani ya kujihesabia sababu za kujifungua?

Kijana_wa_Kikwajuni

Wakili umeniua 😂 Basi mwalimu awalazimishe watoe milioni 60 zake, mambo yeshe.

Kanzu_na_Joho

Hapo ndipo watu wengi wanapovunjika moyo. Hawalazimishwi.

Tangu kesi ya Uingereza ya 1898, South African Territories dhidi ya Wallington, msimamo wa mahkama zinazofuata mkondo ule ni kwamba ahadi ya kukopesha fedha haitekelezwi kwa amri ya "toa mkopo." Sababu yake ni kwamba fedha ni fedha, ukinyimwa na huyu unaweza kuzitafuta kwa yule, na hasara yako inahesabika. Unachopewa ni fidia.

Fidia gani? Ile hasara iliyotokea kwa kawaida kutokana na uvunjaji, au ambayo pande zote mbili ziliijua wakati zinafungana kwamba itatokea. Bara ni kifungu cha 73, na mzizi wake ni kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya 1854. Kwa mwalimu: ada ya mthamini, ada ya mkopo, na akipata mkopo kwengine kwa riba ya juu zaidi, ile tofauti. Arbuni ya milioni 6 ndiyo nyama yenyewe, na inategemea suali moja: benki ilijua kuwa umetoa au utatoa arbuni yenye muda?

Mzalia_wa_Fuoni

Ilijua. Siku niliporejesha barua yenye saini yangu niliwapa na nakala ya mapatano yangu na muuzaji, yale ya kwa sheha, yana kiasi cha arbuni na tarehe ya mwisho. Walitaka wenyewe kwa ajili ya faili. Nakala yangu ina muhuri wao wa kupokea.

Kanzu_na_Joho

Karatasi hiyo ilaze na hati za nyumba, usiipeleke popote bila ya kuitoa kivuli. Wangekuwa hawajui, wangesema arbuni ni mambo yako na muuzaji. Wakili wa benki akiuona muhuri wake wenyewe juu ya tarehe ya mwisho, mazungumzo yatachukua sura nyengine. Watabakiwa na hoja kwamba mapatano yalikuja sambamba na kukubali, si kabla, na tutabishana kidogo, lakini si hoja ya kumkosesha mtu usingizi.

Mzenji_Leicester

Niko Uingereza, na nimenunua nyumba huku. Naona wenzetu hili walilifunga kwa kanuni.

Huku kuna hatua mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ile karatasi ya "tukikuangalia juu juu tunaweza kukukopesha kiasi fulani." Hiyo haimbani mtu, unaipata ndani ya dakika chache kwenye simu, na madalali wanaitaka kabla hawajakuonesha nyumba. Ya pili ni ofa yenyewe, baada ya mshahara wako kukaguliwa na nyumba kuthaminiwa. Tangu Machi 2016, mkopo wa nyumba wa mtu wa kawaida, ofa hiyo inambana mkopeshaji. Anaweza kuiondoa kukiwa na mabadiliko makubwa ya ukweli au umedanganya, lakini si kwa kuwa mkurugenzi ameamka na sera mpya. Mteja kwa upande wake anapewa angalau siku 7 za kufikiri, na siku hizo ofa haibadiliki.

Kwa hiyo barua ya mwalimu ingekuwa ya huku, ofisa yule asingethubutu kusema "ofa tu." Tatizo la nyumbani naona ni kwamba hatua zote mbili zinaitwa ofa.

Mdau_Columbus

Marekani nako ni hivyo hivyo kwa mpangilio tofauti. Kuna barua ya kukubaliwa kwa awali ambayo ni ya kumuonesha muuzaji tu, na kuna barua ya ahadi ya mkopo inayotoka baada ya wakaguzi kupitia faili. Ile ya pili ni nzito, lakini imejaa masharti na ina tarehe ya kufa. Mfano, mikopo mingi huku mkopeshaji anampigia simu mwajiri wako ndani ya siku 10 za kazi kabla ya kusaini, kuhakikisha bado unayo kazi. Umeacha kazi, au umekwenda kukopa gari wiki ile, barua inakatika na huna pa kulalamika.

Ila jambo nililolipenda huku ni upande wa muuzaji. Mkataba wa kununua nyumba huwa na kifungu kwamba mnunuzi akikosa mkopo ndani ya muda fulani, bila ya ujanja wake, arbuni inarudi. Nyumbani tunaandikiana kwa sheha mistari mitano, na mnunuzi ndiye anayebeba hatari yote. Mstari wa sita ungemuokoa mwalimu.

Maalim_Malindi

Wakili ameeleza upande wa sheria za serikali. Niruhusuni niseme la upande wa dini, maana wengi humu watakwenda dirisha la kiislamu la benki na kudhani huko hakuna matatizo.

Ahadi katika fiqhi inaitwa wa'ad. Wanazuoni wengi, na madhehebu yetu ya Shafi imo humo, wamesema kuitimiza kunapendeza sana na kuivunja ni karaha kubwa, lakini kadhi hamlazimishi mtu. Wamaliki wakasema, katika kauli yao mashuhuri, ukimuahidi mtu ukamtia gharama kwa ahadi yako, unawajibika. Benki za kiislamu zilipokuja suala likawa kubwa, kwa sababu murabaha, yaani benki kununua kitu na kumuuzia mteja kwa faida, yote imesimama juu ya ahadi: mteja anaahidi kuwa benki ikinunua nyumba, yeye ataichukua. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni, ilipokaa Kuwait Desemba 1988 ikapitisha kwamba ahadi ya upande mmoja inawajibisha, hata mbele ya hakimu, ikiwa imefungamanishwa na sababu na aliyeahidiwa ameingia gharama kwa ajili yake. Na athari yake ni ama kutimiza ama kulipa hasara halisi iliyompata mwenzake kwa kuvunjwa bila ya udhuru.

Tazameni lakini namna benki zinavyoitumia. Fomu ya murabaha humfunga mteja kwa wa'ad kurasa nzima. Ahadi ya benki kwa mteja mara nyingi utaitafuta kwa tochi. Ukipewa karatasi hizo, uliza: na nyinyi mumeahidi nini? Kanuni ile ile ya 1988 inakwenda pande zote.

Na la arbuni. Mwalimu, wengi wa wanazuoni pamoja na Imamu Shafi hawakuruhusu muuzaji kuila arbuni pindi biashara ikivunjika. Imamu Ahmad aliruhusu, na Majmaa ikaifuata kauli hiyo mwaka 1993. Kwa hiyo siwezi kukwambia muuzaji ni dhalimu. Lakini ikiwa ni mtu wa msikitini, mwendee na mtu mzima, mzungumze. Wako wengi hawajui kuwa jambo hilo lina khilafu kubwa.

Shangazi_Mpendae

Maalim, wauzaji wa siku hizi wana madhehebu yao, ya milioni 6 😅

Mwalimu mwanangu, mzungumze na muuzaji akuongezee muda kwanza, kabla ya kukimbilia mahkamani. Mwezi mmoja wa nyongeza kwa maandishi una thamani kuliko kesi ya miaka.

Kaunta_Namba3

Shangazi kasema kweli. Na mie naongeza la ndani.

Simu ile ya ofisa si barua ya kuondoa ofa. Benki inapoondoa kitu chake inaandika. Ofisa kupiga simu badala ya kuandika, kwa uzoefu wangu, maana yake moja katika mbili: ama hajaruhusiwa kuandika, ama mwanasheria wa benki amewaambia msiandike hiyo sababu. Mtumie ujumbe wa WhatsApp kwa adabu: "Assalaam alaykum, kwa mujibu wa mazungumzo yetu ya jana umenijulisha kuwa benki imeusimamisha mkopo wangu kwa sababu ya mabadiliko ya sera. Naomba uthibitisho kwa maandishi." Akijibu "ndiyo" tu, umeshapata ushahidi. Asipojibu, alama mbili za buluu nazo zinasema kitu.

Halafu andika malalamiko rasmi kwa meneja wa tawi, si kwa ofisa. Kila benki inatakiwa iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko, kanuni za Benki Kuu za kumlinda mlaji wa huduma za fedha za 2019 zimelisema hilo. Wakikukaushia au jawabu lisikuridhishe, unakwenda kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu, na tawi lao liko hapa hapa Unguja. Lakini anza huko kabla hujafungua kesi, wao hawaingilii jambo lililokwisha fika mahkamani.

Na swali la kudadisi: mwalimu, tangu upewe barua umechukua mkopo mwengine wowote? Wa saccos, wa pikipiki, wa sikukuu? Kama makato yamepanda, cha 11 kinafunguka na hoja zote za wakili zinaanguka.

Mzalia_wa_Fuoni

Sijachukua hata wa sukari dukani.

Mzalia_wa_Fuoni

Wandugu, nimerudi na mpya. Nilimtumia ujumbe ofisa kama alivyosema Kaunta. Amejibu: "Ndio mwalimu ni maelekezo ya HQ, pole sana." Nimepiga picha ya skrini.

Nikapeleka malalamiko kwa meneja, nakala imepigwa muhuri. Leo nimepata barua. Sikilizeni: haisemi sera. Inasema "tunasikitika kukujulisha kuwa maombi yako hayawezi kuendelea kwa kuwa masharti ya kifungu cha 3 hayajatimizwa," na kwamba wako tayari kunirejeshea ada ya mkopo nikitia saini fomu. Fomu ina mstari kwamba sitakuwa na madai yoyote mengine dhidi ya benki.

Kaunta_Namba3

Hiyo ndiyo barua ya mwanasheria niliyokuwa naisubiri. Sababu imebadilishwa koti.

Kanzu_na_Joho

Usitie saini fomu. Ukitia, ada inarudi na milioni 6 inazikwa hapo hapo.

Sasa angalia walichokifanya. Wamesema masharti hayajatimizwa, wakati muda wa kuyatimiza bado upo kwa mujibu wa cha 8. Sharti lisilotimia siku ya leo si sharti lililoshindikana. Ungekuwa na wiki moja nje ya muda ningekwambia mengine. Na sababu waliyokwambia kwa simu, ikathibitishwa kwa ujumbe, ni nyengine kabisa.

Una njia mbili. Ya kwanza, unayachukulia maneno yao kuwa wameshavunja, unasema basi, unadai fidia. Ya pili, unasema kwangu mkataba bado uko hai, unakamilisha masharti na kuyakabidhi kabla ya siku ya 60, halafu wakikataa kutoa fedha hawana tena pa kujificha. Ya pili ina hatari yake: ukiuacha mkataba hai, unabaki hai kwa pande zote, na kibali kikichelewa kupita muda, benki itakuwa na sababu halali ambayo leo hawana.

Kwa hali yako mie ningekwenda Bodi ya Uhaulishaji nijue kibali kimefika wapi. Kikiwa kiko karibu, kamata njia ya pili, peleka kila kitu kwa barua yenye orodha, wapige muhuri kila ukurasa. Kikiwa kimekwama, usingoje. Wakili wako aandike notisi ya madai wakati muda bado unakwenda, aambatanishe barua ya ofa, mapatano ya arbuni yenye muhuri wao na ule ujumbe. Notisi nyingi za namna hiyo huishia mezani, kwa sababu benki haipendi kusimama mbele ya jaji kueleza kwa nini ilitoa sababu mbili.

Mzalia_wa_Fuoni

Nimepita Bodi. Wanasema faili liko kwenye kikao kijacho. Muuzaji nimemwendea na Maalim wa mtaani kwetu, amekubali kuniongezea mwezi, tumeandikiana kwa sheha, na safari hii nimemtia ule mstari wa sita wa mdau wa Columbus: benki ikikataa bila ya kosa langu, nusu ya arbuni inarudi. Nusu tu, kagoma nzima. Notisi wakili ananiandalia, tunaingoja Bodi.

Shangazi_Mpendae

Alhamdulillah. Na mie nina suali langu basi, mkiwa mko hapa. Mwanangu kapewa barua kama hiyo na benki nyengine, haina siku 60 wala siku yoyote. Haina tarehe ya kufa kabisa. Bado hajaijibu, anasubiri mumewe arudi kutoka Oman. Inakaa milele?

Kanzu_na_Joho

Haikai. Ofa isiyotajwa muda hufa baada ya muda unaofaa kupita, na unaofaa huamuliwa kwa hali ya jambo lenyewe. Kwa mkopo wa nyumba, ambapo riba na bei zinahama, sidhani jaji atahesabu miezi mingi. Na kabla hajaijibu, benki inaweza kuiondoa hata leo mchana. Mwambie asimsubiri mume, amtumie picha za kurasa zote mara moja, hasa ile ya pili, na akikubali asaini bila ya kuandika kitu pembeni na airejeshe kwa muhuri. Hiyo arbuni asitoe mpaka hapo.